Paka mzima anayejificha uvunguni: nimrudishe au nisubiri?

*"Daktari, shikamoo. Nipo Ilazo, Dodoma. Wiki tatu zilizopita nilichukua paka jike wa miaka kama minne kwa mama mmoja anayehifadhi paka waliotelekezwa. Aliniambia kabisa kuwa ni mwoga, aliyekuwa anamfuga alihama kikazi akamwacha. Nilimpenda kwa utulivu wake, na kusema kweli nyumbani panya wanatusumbua. Tangu afike anashinda uvunguni mwa kitanda cha wageni. Hali tukiwepo. Asubuhi nakuta sahani tupu, na usiku namsikia akilia jikoni. Kila jioni tunamtoa uvunguni ili awazoee watoto (wana miaka 6 na 9), tunambeba kama nusu saa hivi, tukimwachia anakimbilia kulekule. Jumamosi mume wangu alipomvuta akamng'ata kidole na kumparua. Jirani anasema nimpake samli miguuni atatulia. Mwingine anasema nimnyime chakula, njaa itamtoa na panya atawakamata. Mama mkwe yeye anasema samaki mkunje angali mbichi, paka mkubwa habadiliki, nimrudishe nitafute mtoto wa paka. Nifanyeje? Au ndiyo hanipendi?"*

Marahaba, dada. Kabla hatujafika uvunguni, tuanze na kidole cha mumeo, maana hicho hakisubiri. Meno ya paka ni membamba na yanachimba. Tundu la juu linaonekana dogo, linafunga upesi, na vijidudu vinabaki ndani vikizaliana. Kama kidole kimevimba, kimekuwa chekundu au kinauma kukikunja, aende hospitali leo. Na hata kama hakijavimba, aende tu, kwa sababu hujaniambia kama paka amechanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule unaitwa wa mbwa lakini paka naye anaupata na anauambukiza. Jeraha la namna hii huoshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu anakwenda kituo cha afya kueleza kilichotokea, hata kama siku kadhaa zimeshapita. Mpigie yule mama, muulize kama ana kadi ya chanjo. Kama hana, msimuue paka wala kumtupa. Paka aliyekuwa na kichaa wakati anang'ata huzidiwa na kufa ndani ya siku chache, ndiyo maana wataalamu huangalia hali yake kwa siku 10. Lakini kumwangalia paka hakuchukui nafasi ya kwenda hospitali. Kuanza au kutoanza sindano ni uamuzi wa daktari wa binadamu, si wangu wala wa jirani.

Sasa tuje kwa paka mwenyewe. Unaogopa mambo mawili: kwamba umechukua mnyama aliyekwisha kuharibika, na kwamba amekukataa. Kwa maelezo yako sioni hata moja. Ninachokiona ni paka ambaye usiku alishaanza kuijua nyumba yenu taratibu, na kila jioni anarudishwa mwanzo. Kule kumtoa uvunguni, ambako mnakufanya kwa nia njema kabisa, ndiko kunakomkwamisha.

Paka wote wa nyumbani asili yao ni paka pori wa Afrika, ambao hadi leo wapo katika mapori yetu ya Tanzania. Ni mnyama anayewinda peke yake, anayekula panya na ndege, lakini naye kwa udogo wake huliwa na chui, mbweha na tai. Mnyama anayewinda na kuwindwa hana kundi la kumtetea. Silaha yake ya kwanza ni kukimbia, ya pili kujibanza mahali pasipofikika, na ya mwisho kabisa, njia zote zikifungwa, ni makucha na meno. Mumeo alikutana na hiyo ya mwisho. Paka hakuwa mkorofi. Alikuwa ameishiwa njia.

Paka akishtuka, moyo unakwenda mbio na mwili unajaa homoni za hofu. Hizo haziondoki kwa dakika tano. Kwa mnyama aliyehamishiwa nyumba ngeni zinaweza kuchukua siku nyingi kushuka, na kinachozishusha ni kuwa na pahali pa kujificha ambapo hakuna mkono unaoingia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walilipima hilo wakachapisha matokeo mwaka 2014: paka wapya kituoni waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wenzao waliokosa. Wengi hudhani ukimwachia paka maficho atazoea kujificha, kumbe maficho ndiyo yanayompa ujasiri wa kutoka.

Sasa fikiria jioni ya kwenu upande wake. Anasikia nyayo, mlango unafunguliwa, kitanda kinasogezwa, mkono unaingia, anavutwa. Nusu saa anashikwa na watu wanne. Ubongo wake haujifunzi kwamba watoto ni wazuri. Unajifunza kwamba nyayo za watoto hutangulia kuvutwa. Kufikia wiki ya tatu, saa kumi na moja ikikaribia yuko macho kule chini akiwasubiri, roho juu.

"Lakini Daktari, tukimbeba anatulia kabisa." Hili huambiwa kila mara, na nakuomba ukumbuke vizuri anavyokuwa mikononi mwenu. Je, mboni za macho zimetanuka hadi jicho karibu lote ni jeusi, mchana kweupe? Masikio yamelala pembeni? Mkia ameubana chini ya tumbo? Sharubu zimevutwa nyuma kwenye mashavu, na hapepesi? Basi hajatulia, ameganda. Ni kile anachofanya mnyama mdogo akishakamatwa na mkubwa, kukaa kimya akiomba asiliwe.

Kwa hiyo kuanzia leo, kwenye nyumba yenu kuingiza mkono uvunguni ni mwiko. Kwa watoto, kwa baba, kwa mgeni, kwa dada wa kazi anayefagia. Hata mpira ukiingia kule, usubiri.

Mama mkwe wako hajakosea moja kwa moja. Kwa paka kweli kuna umri wa kukunjika: takribani wiki ya pili hadi ya saba tangu kuzaliwa. Mtoto wa paka aliyeshikwa na kusemeshwa na watu katika wiki hizo hukua akijua binadamu si adui. Aliyezaliwa darini au nyuma ya soko, asiguswe na mtu mpaka akawa mkubwa, mara nyingi hubaki wa mtaani maisha yake yote. Ila huyu wako alikwisha kukunjwa zamani, na watu wengine. Alikuwa na nyumba. Na kuna kitu umekiandika kama jambo la kupita ambacho mimi kimenifurahisha: analia jikoni usiku. Paka wazima wao kwa wao hawaliliani "nyau" ovyo. Mlio ule wanautumia zaidi kwa watu. Paka asiyejua binadamu hukaa kimya. Anayelia jikoni penye sahani anajua jikoni ni nini na nani huwa anafungua mlango wake. Anawajua watu, bado hajawajua ninyi.

Nitaweka tahadhari moja hapo. Muulize yule mama kama paka ameshafungwa kizazi. Jike ambaye hajafungwa akiwa kwenye joto hulia usiku kwa sauti ndefu ya kuvuta, hujigaragaza sakafuni na kuinua kiuno, na hali hiyo hurudi kila baada ya wiki mbili tatu asipopata dume. Kama ndivyo, kilio kile si cha kutafuta watu, na madume ya mtaa mzima yatakuwa ukutani kwenu karibuni. Kumfunga kizazi kutamtuliza na kutakuepusha na mimba, ambayo kwa paka ni kama siku 63 hadi 65 tu.

Ushauri wa majirani haunichukui muda. Samli miguuni atailamba, ataharisha, na vumbi la Dodoma litamganda vidoleni, basi. Kumnyima chakula ni hatari ya kweli. Paka asipokula kabisa kwa siku mbili tatu, hasa mnene, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyamudu. Ini hujaa mafuta, na wengi hufa. Tena njaa haimfanyi paka awe mwindaji bora. Hamu ya kuwinda na hamu ya kula ni vitu viwili kwenye ubongo wake, ndiyo maana paka aliyeshiba huua panya na kumwacha hapo sebuleni bila kumla.

Na kwa kuwa umetaja panya, tafadhali ondoa sumu ya panya nyumbani leo hii, zile chengachenga na zile za maji za kuuzwa mkononi. Panya aliyekula sumu huwa mzito na rahisi kukamatwa, na paka anayemla naye huingiwa na sumu. Ziba matundu, funga unga na mahindi kwenye ndoo zenye mifuniko, tumia mtego wa waya. Harufu ya paka peke yake itawapunguzia panya ujasiri kidogo, lakini sitakuahidi kwamba huyu atakuwa askari wako. Wengine huwinda, wengine hutazama tu panya akipita.

Tuje kwenye la kufanya. Wataalamu wengi watakuambia umfungie paka mpya katika chumba kimoja kidogo. Ni ushauri mzuri kwa siku za mwanzo. Kwako nisingeufuata sasa, kwa sababu usiku ameshaanza kutembea mwenyewe na sitaki tumnyang'anye hatua hiyo. Chumba cha wageni kiwe chake, mlango uachwe wazi kiasi cha yeye kupita. Wageni wakija walale kwa watoto. Weka humo boksi la kadibodi lililolazwa ubavu, toboa tundu la pili upande wa nyuma ili asihisi amenasa, tandika fulana uliyoivaa bila kuifua. Pua yake itakuzoea kabla ya macho. Maji yawe mbali kidogo na chakula. Beseni pana la plastiki lenye mchanga uliochekechwa, ule wa korongoni unatosha, likae kona nyingine kabisa, na uzoe kinyesi kila siku. Hilo la kila siku si usafi tu: vimelea vya toksoplazma (vijidudu vinavyoweza kudhuru mimba), kama paka anavyo, huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili ndipo viweze kuambukiza. Kama kuna mjamzito nyumbani, kazi hiyo aifanye mwingine.

Angalia dari. Nyumba zetu nyingi zina ubao wa dari uliobomoka kona moja, na paka mwenye hofu akishapanda humo utamsikia juu ya kichwa chako wiki nzima bila kumwona. Halafu Oktoba na Novemba, bati likishapata moto, kule juu ni tanuri. Zibeni. Na asitoke nje ya nyumba kwanza, angalau mwezi mwingine. Akitoka leo hana sababu ya kurudi kwenu.

Chakula kiwe saa zilezile kila siku. Dagaa wakavu waloweke na kuwachemsha bila chumvi wala vitunguu (vitunguu vinaharibu damu ya paka), umwage maji ya kwanza. Ugali peke yake haumfai, mwili wake umeumbwa kwa nyama. Moyo wa ng'ombe uliokatwakatwa, firigisi, perege aliyetolewa miiba, hivyo ndivyo vitamjenga. Maziwa mengi yatamharisha.

Kisha kila jioni, badala ya kumtoa, ingia wewe. Mtu mmoja tu, na kwa wiki ya kwanza awe wewe. Tandika mkeka mbali na kitanda, keti ubavu umwelekeze yeye, usimkabili. Chambua mchele, kunja nguo, ongea na simu kwa sauti ya kawaida. Usimkodolee macho, kwa paka, kukodolewa na asiyemjua ni vitisho. Jifanye humwoni. Mrushie kipande cha firigisi kuelekea uvunguni, kisiangukie miguuni pake, kisha endelea na mchele wako. Ukimaliza, simama taratibu, ondoka. Siku ya kwanza hatatokea. Vipande utavikuta vimeliwa asubuhi, na hiyo inatosha.

Macho yenu yakikutana kwa bahati, fumba yako polepole, yafumbue nusu, geuza uso. Kuna waliodhani huu ni ushirikina wa wapenda paka, lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha paka hufumba macho wao pia wakifanyiwa hivyo, na huwa tayari zaidi kumsogelea hata mtu wasiyemjua. Haigharimu kitu, ijaribu.

Siku atakayotoka hadi katikati ya chumba ndiyo siku ya kuharibu kila kitu kwa furaha. Usimfuate. Kaa vilevile, nyosha kidole kimoja chini, usawa wa pua yake, usikipitishe juu ya kichwa. Akikinusa akaondoka, vyema. Akikisugulia shavu, mkune shavuni au chini ya kidevu mara mbili tatu, uache mwenyewe kabla hajachoka. Ukiacha akakusogelea tena, amekupa ruhusa. Mkia ukianza kupigapiga au ngozi ya mgongo ikicheza, umezidisha. Tumbo usiliguse, hata akilianika.

Watoto wako wana umri mzuri wa kusaidia, wapewe kazi. Mkubwa apeleke sahani na kuondoka. Mdogo akae mlangoni asome kitabu chake cha shule kwa sauti, dakika kumi, bila kumsemesha paka. Yeye atapata zoezi la kusoma, paka atapata sauti ya mtoto isiyomfuata. Mtoto wa miaka 6 kumwambia "usimshike" ni kama kumwambia asiguse maandazi yaliyo mezani, kwa hiyo kaa naye mwanzoni.

Hii itachukua muda gani? Kwa paka wa namna yake, mkiacha kumvuta, huwa kuna badiliko ndani ya wiki chache: anakula mkiwepo, anakaa mlangoni akiwatazama. Kuja kukaa karibu kunaweza kuhitaji miezi. Na wapo wasiopanda mapajani kamwe. Wanakufuata chumba hadi chumba, wanalala miguuni pa kitanda, lakini ukiwabeba wanakakamaa. Ujue pia atakuwa anarudi nyuma: msiba wa jirani wenye spika, wageni wa sikukuu, mvua ya kwanza ya Desemba ikipiga bati. Akirudi uvunguni siku hiyo mwacheni, atatoka tena.

Kuhusu kumrudisha. Si dhambi, na yule mama angependa umrudishe kwake kuliko umtelekeze sokoni. Ningekuambia umrudishe kama nyumba yenu haiwezi kupunguza purukushani, kama watoto hawawezi kushika ule mwiko, au kama ulichotaka hasa ni mkamata panya na huna hamu na paka asiyebebeka. Hayo jiulize kwa ukweli wewe na mumeo. Lakini usimrudishe kwa sababu ya wiki hizi tatu, maana hazijampima yeye. Mtoto wa paka naye si jibu rahisi. Atapanda mapazia, atawakwaruza watoto kwa kucheza, na baada ya mwaka utakuwa na paka mzima ambaye tabia yake huijui leo. Huyu angalau unamjua. Kuhusu kukupenda, bado hajapata nafasi ya kuamua.

Kuna hali ambazo subira haifai. Paka huficha maumivu, na anayejificha anaweza kuwa mgonjwa badala ya mwoga, kwa hiyo mara hofu ikipungua kidogo apimwe meno, masikio na ngozi. Usisubiri kabisa kama amemaliza saa 24 bila kula, anakaa kwenye mchanga akijikamua mkojo usitoke, anahema kwa mdomo wazi, anatapika mfululizo, au amebadilika ghafla: anadondosha mate, anayumba, anashambulia bila kuguswa. Hiyo ya mwisho fungeni mlango, msimguse, piga simu ofisi ya mifugo. Usimpe panado hata robo kidonge. Parasetamo huua paka. Dawa za viroboto za mbwa nyingi zina permethrini, nayo ni sumu kwake. Zipo dawa za kumpunguzia paka hofu, kama gabapentini, na wakati mwingine nazitumia, hasa siku ya safari, lakini kipimo hutolewa na daktari aliyempima uzito.

Chanjo ya kichaa lazima aipate kama hana, na irudiwe kwa ratiba utakayopewa, kwa kawaida kila mwaka. Kama paka bado yumo katika zile siku 10 za uangalizi tangu ang'ate kidole, mwambie daktari kwanza kabla ya kumchanja. Ofisi ya mifugo ya kata yenu itakuelekeza; uliza wazi kama anayehudumu amezoea paka, maana wengi wetu mkoa huu siku nzima tuko na ng'ombe, mbuzi na kuku. Safari yenyewe isiwe ya salfeti kwenye bodaboda. Nunua tenga la kuku lenye mfuniko, liweke chumbani kwake kuanzia kesho likiwa wazi, kitambaa ndani, na siku nyingine mrushie firigisi humo. Siku ya kwenda utamkuta humo mwenyewe. Funga taratibu, funika kwa khanga, panda bajaji, na mwambie dereva asifungulie muziki.